Pumzi ya Kuwashia Moto

Mwezi wa Machi, katika kijiji cha Lihutu juu ya milima ya Mbinga, hakuna anayengoja jua limwamshe. Ni mwezi wa kuchimba ngoro. Wanaume wamekwisha kufyeka majani na kuyalaza shambani kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba. Sasa ni zamu ya wanawake. Wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuumwaga juu ya majani. Mwisho kilima kizima kinakuwa mashimo mashimo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia humo, na maharage yanaota juu ya matuta. Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo watu wanalimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wamatengo wanauita utaratibu huo ngokela.

Bonifasia alikuwa hodari wa ngoro. Wifi yake Getrude, ambaye si mwepesi wa kusifu watu, alikiri kuwa mashimo ya Bonifasia yamenyooka kana kwamba yamepigwa rula. Lakini mwaka huu Bonifasia alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Jembe lake lilikuwa limechomekwa juu kwenye boriti za nyumba. Mumewe Raimundi ndiye aliyeliweka huko.

"Mgonjwa wa moyo hagusi jembe," Raimundi alikuwa amesema. Alisema kwa upendo. Heri hilo lijulikane mapema, maana makosa mengi ya nyumba ile yalifanywa kwa upendo.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kanisani. Bonifasia alikuwa amesimama katikati ya misa, ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana, hewa ikawa haitoshi, na akili yake ikamwambia jambo moja tu, kwamba anakufa. Watu walimtoa nje wakampepea kwa kanga. Baada ya muda hali ile ikapita. Juma lililofuata ikamrudia sokoni, kisha kisimani. Kila ilipokuja alikuwa na hakika kuwa safari hii haponi.

Familia ikakaa, ikashauriana. Getrude akachukua zamu zake zote za ngokela. Maji akachotewa, kuni akaletewa. Jioni, ukoo ulipokusanyika uani kula pamoja, yeye alipelekewa sahani yake ndani ili asisumbuliwe na kelele. Raimundi, ambaye alikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu kwa miaka kadhaa, akamgawia vidonge vyake mwenyewe. Kwa hesabu yake, moyo ni moyo.

Basi Bonifasia akakaa. Ng'ambo ya bonde alisikia majembe ya wenzake, nyimbo zao na vicheko vyao. Alipochoka kuwasikiliza wao, aliusikiliza moyo wake. Je, umepiga sawasawa? Je, umeruka? Alishinda kutwa ameweka kiganja kifuani. Alikuwa mpweke sana, na aliona haya kusema hivyo, kwa sababu kila mtu alikuwa akimhangaikia.

Siku moja simu ililia. Alikuwa Lidia, binti yao wa kwanza, aliyeolewa Liuli kando ya Ziwa Nyasa. Lidia alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alitazamiwa kujifungua baada ya Pasaka.

"Mama, utakuja?" aliuliza. "Nesi wa huku ameniambia naruhusiwa kuwa na mtu wangu wakati wa uchungu. Nataka uwe wewe."

Kabla Bonifasia hajajibu, Raimundi aliichukua simu. Akamweleza binti yake kuwa mama ni mgonjwa, kuwa barabara ya kushuka ziwani ina kona kali, na kuwa shangazi Getrude ndiye atakayekwenda. Kisha Lidia akasema, "Sawa, baba." Alisema kwa ile sauti yake ya utotoni, aliponyimwa kitu na kukataa kulia.

Bonifasia aliisikia sauti hiyo, na ilimuuma kuliko kifua. Alitaka kwenda Liuli. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Lakini kila alipoifikiria barabara, vidole vyake vilianza kufa ganzi. Alasiri hiyohiyo hali ile ilimshika vibaya kuliko siku zote, na Raimundi akaita bodaboda ampeleke kituo cha afya.

Pale kituoni walipokelewa na nesi Ottilia. Nesi huyu alikuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo ya afya ya akili. Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wagonjwa. Akishampima mtu shinikizo na joto, hakumwita mwingine haraka. Alivuta kiti, akakaa, akauliza habari za usingizi, za chakula, na za nyumbani.

"Shikamoo mama," alimsalimu Bonifasia, huku amemshika mkono akihesabu mapigo. Akawauliza dawa gani zimetumika. Raimundi akatoa vidonge vyake mfukoni, akavionyesha kwa fahari kidogo.

"Baba, hivi aliandikiwa nani?"

"Mimi."

"Basi vinywe wewe," nesi alisema. Akaeleza kwa upole kuwa dawa ya mtu mmoja inaweza kumdhuru mwingine, hata kama wanalala kitanda kimoja.

Nesi Ottilia hakutaka kubahatisha. Alisema moyo ukienda mbio namna hiyo, jambo la kwanza ni kuhakikisha kama mwili ni mzima. Hakuna kujitibu, wala kudhani. Aliwaandikia rufaa kwenda hospitali mjini Mbinga. Huko Bonifasia akapimwa moyo kwa mashine, akapimwa wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo. Waliporudi kituoni na majibu, nesi aliyasoma yote, kisha akainua uso.

"Mama, moyo wako ni mzima. Na damu yako haina shida."

Raimundi alimtazama mke wake, akamtazama nesi. "Kwa hiyo miezi yote hii alikuwa anajifanya?"

Bonifasia aliinamisha kichwa. Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa njia nzima.

"Hajifanyi, baba," nesi alisema. "Siku ile nilimshika mkono mimi mwenyewe. Mapigo yalikuwa yanakimbia kweli. Kifua kilibana kweli, na ganzi ilikuwa ya kweli. Ila kinachokimbiza moyo wake si ugonjwa wa moyo. Ni hofu."

Akamuuliza Raimundi, akiwa shambani akakanyaga karibu na nyoka, moyo wake unafanyaje? Raimundi akajibu kuwa unapiga kama ngoma. Je, aliuamuru upige? Hapana, unapiga wenyewe, hata kabla hajajua anaona nini. Nesi akasema ndivyo mwili ulivyoumbwa. Unajiandaa kukimbia. Nyoka akienda zake, mwili unatulia. Lakini mtu akipata mshtuko mkubwa, mwili unaweza kuendelea kumwona nyoka mahali ambapo hayupo.

"Akili ikiogopa, mwili unasikia," alisema. "Mwili ukitulizwa, akili nayo inasikia. Ndiyo maana sitibu kimoja nikaacha kingine. Mama, kabla ya haya kuanza, kuna jambo lolote lililokutisha?"

Bonifasia alisema hakuna. Kisha akasema, labda lile lori.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka uliopita. Alikuwa anatoka Songea kumsalimia kaka yake. Gari lao lilisimama njiani, abiria wakashuka kujinyoosha. Lori moja lililopakia makaa ya mawe kutoka upande wa Ngaka lilikuja likishuka mlima, breki zimekataa, likaanguka kando ya barabara, karibu kabisa na aliposimama. Vumbi jeusi lilimfunika. Hakufa mtu. Dereva alitoka mzima. Bonifasia aliinuka, akakung'uta kitenge chake, akacheka pamoja na wenzake. Alifika nyumbani akapika, akalala. Hata Raimundi hakuwahi kusimuliwa sawasawa.

Alipokuwa akisimulia, machozi yalimtoka bila kuombwa. Hakujua kuwa yalikuwepo. Raimundi alisogeza kiti chake karibu, akamshikia mkoba.

Nesi Ottilia alimweleza jambo jingine lililomshangaza. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka, kwa juu juu, na kupumua huko ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na kizunguzungu. Naye akiisikia ganzi, anaogopa zaidi, na akiogopa zaidi, anapumua haraka zaidi. Dawa ya kwanza ni kuitoa pumzi polepole. Alimfundisha kuvuta hewa kwa kuhesabu, kuizuia kwa kuhesabu, na kuitoa kwa kuhesabu. Akamwambia pia kuwa njia hizo zisipotosha, kuna vidonge vya kusaidia hofu na kuna wataalamu wa ushauri hospitalini. Kuvihitaji si aibu.

Bonifasia alirudi nyumbani amefarijika. Kuambiwa kuwa hajifanyi kulimpunguzia mzigo mkubwa. Lakini kuhesabu kulimshinda. Kila alipoanza, alihofia kukosea hesabu, na moyo ukaanza upya. Akajiona mjinga. Akaacha.

Juma lililofuata nesi Ottilia alikuja kumtembelea nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bonifasia alitaka kumchemshia mgeni chai, lakini Getrude alimkalisha chini, akaingia jikoni yeye. Kuni zilikuwa mbichi. Getrude ni mtu wa haraka katika kila jambo, hata katika kupuliza moto. Alipuliza kwa nguvu, tena na tena, na majivu yakamrudia usoni. Alitoka nje akipiga chafya, nyusi zimekuwa nyeupe.

Bonifasia alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti mbele ya mafiga. Akavuta hewa kwa pua, taratibu, akaitoa kwa midomo iliyobanwa, nyembamba na ndefu, moja kwa moja kwenye kaa lililobaki. Kaa likawa jekundu. Akavuta tena, akapuliza tena. Moto ukashika.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyopuliza. Nani alikufundisha?"

Bonifasia alisema alifundishwa na mama yake, naye akamfundisha Lidia. Lidia alipokuwa mdogo alipuliza kwa pupa kama shangazi yake. "Nilikuwa namwambia, Lidia, usirushe majivu. Lipulizie kaa mpaka likusikie."

Nesi Ottilia akacheka kwa furaha. Alimwambia kuwa pumzi ile ndiyo hasa aliyokuwa akijaribu kumfundisha kule kituoni, na kumbe alikuwa nayo tangu utotoni. Kuhesabu si lazima. Aketi, akanyage chini kwa nyayo zote mbili, alegeze mabega. Avute hewa kwa pua mpaka tumbo liinuke, kisha aitoe kana kwamba kaa liko mbele yake. Afanye hivyo asubuhi na kabla ya kulala, hata siku ambayo hofu haipo, ili mwili uzoee. Na kama mwili umekakamaa, akaze ngumi kama aliyeshika mpini wa jembe, kisha alegeze. Bonifasia akauliza kama anaweza kusali huku akipuliza. Nesi akamwambia asali. Basi Bonifasia akawa anasali Salamu Maria kimoyomoyo, polepole, na pumzi ikifuata.

Tangu siku hiyo nesi Ottilia naye alibadili kazi yake kidogo. Mgonjwa akishindwa kuhesabu, alimuuliza kwanza mikono yake inajua kazi gani.

Walipokuwa wakinywa chai, nesi aliuliza, "Jembe lako liko wapi, mama?"

Wote waliinua macho kwenye boriti. Getrude akaanza kupinga, akataja mizigo, jua na matope. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlimpenda, na mlifanya mlichokijua," alisema. "Lakini moyo mzima unataka kazi, na mtu mwenye hofu anataka watu. Mmemwacha peke yake na kitu anachokiogopa, anakisikiliza kutwa nzima. Mrudishieni shamba lake kidogo kidogo. Na ale na wenzake."

Raimundi alipanda juu ya kigoda, akalishusha jembe. Lilikuwa limeshika kutu. Alitoka nalo nje akakaa kulinoa, na alilinoa muda mrefu kuliko kutu ilivyohitaji, kwa sababu hakutaka watu wamwone uso wake.

Siku ya kwanza kurudi kwenye ngokela, Bonifasia alichimba kidogo tu, moyo ukaenda mbio. Akashtuka. Akasimama, akaegemea mpini. Wanawake wote wakaacha kuchimba, wakamtazama. Akapuliza polepole, macho kwenye udongo. Ndipo alipotambua kuwa moyo ulikuwa unakimbia kwa sababu anachimba, kama mioyo ya wenzake wote kilimani pale. Haukuwa unamwambia lolote zaidi ya hilo.

"Mashimo yako yamepinda," Getrude alimwambia.

"Yamepinda ya kwako uliyonichimbia," Bonifasia alijibu, na kilima kizima kikacheka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu mwaka uanze.

Raimundi naye akawa anakaa na mkewe asubuhi, wanapuliza pamoja. Alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Aliwatangazia wanaume wenzake kuwa amepata tiba isiyo na foleni. Nesi Ottilia alipokuja tena, alimkuta amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu. Akampima. Shinikizo lilikuwa juu.

"Baba, vidonge unameza?"

"Nesi, si ninapuliza?"

"Puliza, baba, na umeze."

Akamkalisha kama alivyomkalisha mkewe. Shinikizo la damu la Raimundi lilipimwa likaonekana, na vidonge ndivyo vinavyolishikilia lisipande. Pumzi tulivu inasaidia, usingizi unasaidia, kupunguza chumvi kunasaidia. Lakini havichukui nafasi ya dawa, na hakuna anayeacha dawa bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Raimundi alivitoa vidonge kwenye kopo, akameza kimoja mbele yao wote, amenuna kama mtoto.

Ikabaki barabara. Nesi alisema wasiikurupukie. Kwenye njia panda ya kijiji kulikuwa na duka la Fakihi, mfanyabiashara aliyekuwa akiteremka ziwani na pikapu yake kununua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Bonifasia alianza kwa kukaa barazani kwa Fakihi, akitazama magari. Lori la kwanza lilipopita alitaka kukimbia. Nesi alikuwa amemwonya kuwa hofu ikikupanda ukakimbia, inajifunza kukukimbiza. Ukibaki mpaka ishuke, inajifunza kushuka. Akabaki. Siku nyingine akapanda pikapu mpaka mjini Mbinga na kurudi. Siku nyingine akarudia. Hakuipenda barabara, lakini aliweza kukaa nayo.

Pasaka ikapita. Asubuhi moja mume wa Lidia, Steven, alipiga simu. Uchungu umeanza, na Lidia yuko hospitali ya Liuli. Kwa bahati Fakihi alikuwa anakwenda ziwani siku hiyo. Getrude alikimbia kufunga mzigo wake. Raimundi alisema huo ndio uamuzi mzuri, kona za kule si za kujaribia.

"Nitakwenda mimi," Bonifasia alisema.

Alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Raimundi akauchukua mkoba wa mkewe, akaupeleka kwenye gari.

Safari ilikwenda vizuri mpaka walipoanza kushuka. Barabara ilipinda, ikapinda tena, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde tupu. Kwenye kona moja wakakutana na lori linapanda, limejaa mzigo. Breki zake zikalia. Papo hapo Bonifasia akasikia harufu ya vumbi la makaa, ingawa hapakuwa na makaa. Moyo ukaruka. Vidole vikafa ganzi. Ninakufa, akili ikasema, ninakufa leo na Lidia ananingoja.

Fakihi alimwona. Akapunguza mwendo, akaegesha pembeni palipokuwa na nafasi. "Mama Lidia, tugeuze?"

Hakuweza kujibu. Alikanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Akakaza ngumi, akalegeza. Akavuta hewa kwa pua, akapuliza. Haikusaidia. Akapuliza tena. Haikusaidia pia, na alitamani kwa moyo wake wote kusema ndiyo, tugeuze. Lakini aliikumbuka ile "Sawa, baba" ya Lidia. Akaliona kaa mbele yake, dogo, jekundu. Akalipulizia. Salamu Maria ikafuata pumzi. Polepole, kifua kikaanza kufunguka, na ganzi ikaanza kutoka vidoleni.

"Twende tu, Bwana Fakihi," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa yake.

"Inshallah," Fakihi alisema, akaingiza gia.

Baada ya kona chache ziwa likaonekana chini, bluu, mpaka milima ya ng'ambo. Walipita Mbamba Bay, wakafuata pwani ya ziwa kwenda kaskazini. Fakihi hakuzungumza sana. Kila walipokaribia lori alisema tu, "Lile linakuja," ili mama asishtukizwe, na Bonifasia alimshukuru kwa hilo kuliko alivyoweza kutamka.

Wodini Liuli, mkunga wa zamu alimwonyesha kitanda. Lidia alikuwa amelala ubavu, nywele zimelowa jasho. Alimtazama mama yake kana kwamba haamini.

"Mama. Umekujaje?"

"Kwa barabara," Bonifasia alisema.

Lidia alitaka kucheka, lakini uchungu ukampanda. Akaanza kupumua haraka haraka, kwa juu juu, macho yametoka. Alishika ukingo wa kitanda. Akasema vidole vyake vimekufa ganzi. Akasema hawezi, anakufa.

Bonifasia aliyajua maneno hayo. Aliyajua yanakotoka na jinsi yanavyomdanganya mtu. Akamtazama kwanza mkunga, ambaye alikuwa amempima Lidia muda mfupi uliopita, na mkunga akaitikia kwa kichwa kumtuliza. Mtoto yuko vizuri, mama yuko vizuri. Basi Bonifasia akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa binti yake.

"Lidia," alisema, "unarusha majivu."

Lidia alimtazama mama yake, na uso wake wote ukabadilika. Kwa muda mfupi alikuwa tena yule mtoto aliyepiga magoti mbele ya mafiga kule Lihutu, mvua inanyesha nje.

"Lipulizie kaa," Bonifasia alisema. "Mpaka likusikie."

Wakapuliza pamoja. Mara ya kwanza pumzi ya Lidia ilikatika katikati. Wakapuliza tena. Ngumi ikalegea kwenye ukingo wa kitanda. Uchungu ulibaki uchungu, hakuna pumzi inayouondoa, lakini hofu ilipungua, na Lidia akapata nguvu ya kufanya kazi yake. Mkunga aliendelea kupima na kuandika, na kila uchungu ulipokuja aliwaacha wapulize. Katikati ya kazi aliuliza wamejifunzia wapi.

"Jikoni," Bonifasia alijibu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama upande wa Malawi mtoto alipolia. Alikuwa msichana. Bonifasia alimpokea katika kitenge, kilekile alichokikung'uta vumbi siku ya lori, na akalia waziwazi bila kujali nani anamwona.

Baadaye alitoka nje akampigia Raimundi. Alimweleza habari za mtoto, naye Raimundi akashukuru, akarudia kushukuru, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama moyo ulimsumbua.

"Ulikimbia kule kwenye kona," Bonifasia alisema. "Nikakaa nao mpaka ukachoka. Baba Lidia, umemeza kidonge?"

"Nimemeza."

"Na jembe langu?"

Hata kwa simu, Bonifasia alijua kuwa Raimundi anatabasamu.

"Liko mlangoni," alisema. "Sijalipandisha."